Mtu aamini nini ndipo awe Mwislamu?

*Assalamu alaykum ustadhi. Mimi ni mwanamke wa miaka 26, kwetu Wete lakini kazi yangu iko Unguja mjini. Baba ameshatangulia mbele ya haki, sina kaka, na walii wangu ni ami yangu. Imeletwa posa na watu tunaowajua tangu utotoni, ni Maibadhi. Ami amekataa. Hasemi kuwa kijana ana tabia mbaya. Anasema Maibadhi si Waislamu, kwa sababu wanakanusha kuwa Mwenyezi Mungu ataonekana Akhera, wanasema Qur'ani imeumbwa, na wanasema Mwislamu akifa na dhambi kubwa bila ya kutubu hatoki tena motoni. Amemwambia mama kuwa ndoa hiyo itakuwa zinaa. Tangu siku hiyo mama hana raha na mimi pia. Na kuna jambo la pili naona haya kulisema. Nimeanza kujichunguza mwenyewe. Nikiyafikiria sana mambo kama adhabu ya kaburi naingiwa na maswali. Sifa ishirini nilizosomeshwa chuoni sizikumbuki zote. Sasa ustadhi, mtu anatakiwa aamini nini hasa ili awe Mwislamu? Ipo orodha? Na mimi nimo?*

Wa alaykumu ssalam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Nianze na neno lako la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Ndiyo, umo. Mtu anayeshuhudia kuwa hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu, na kuwa Muhammad ni Mtume wake, kisha akawa anaogopa asije akatoka katika dini hiyo bila ya kujua, huyo hajatoka. Na ndoa yako na kijana wa Ibadhi, madhehebu yenye wafuasi Oman na katika visiwa vyetu hivi, ikifungwa kwa masharti yake, si zinaa. Ami yako ana haki yake kama walii, na haki hiyo nitaieleza huko mbele bila ya kuipunguza. Lakini hili la zinaa halimo katika haki hiyo, na ni neno zito mno kumtupia mtoto wa nduguye.

Orodha uliyoiuliza ipo, na unaijua tangu udogo. Imo katika kurasa za mwanzo za Safina, kitabu ambacho watoto wengi wa pwani hii wamekisoma chuoni: kwanza nguzo tano za Uislamu, kisha nguzo sita za imani, kisha maana ya La ilaha illa llah. Zile sita asili yake ni hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Sayyidna Umar. Alikuja mtu mwenye nguo nyeupe sana na nywele nyeusi sana, haonekani na alama ya safari wala hapana aliyemjua, akaketi mbele ya Mtume (S.A.W.) hata magoti yao yakakutana, akauliza: Uislamu ni nini? Imani ni nini? Baadaye Mtume akawaambia masahaba kuwa yule alikuwa Jibril, amekuja kuwafundisha dini yao. Na jibu la imani lilikuwa kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, Siku ya Mwisho, na kadari, kheri yake na shari yake.

Angalia jinsi jibu lilivyo fupi. Jibril hakuuliza wala Mtume hakujibu kama Mwenyezi Mungu ataonekana kwa macho Akhera, wala kama Qur'ani imeumbwa au haikuumbwa. Maswali hayo yalikuja baadaye, watu walipoanza kuzifafanua zile sita na kushindana kwa dalili. Ibadhi anaziamini zote sita, na nguzo tano anazitimiza kama sisi. Anaelekea kibla hiki hiki, anafunga Ramadhani hii hii, anahiji Makka hii hii. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Anas kuwa Mtume (S.A.W.) alisema anayesali sala yetu, akaelekea kibla chetu, na akala tulichochinja, huyo ndiye Mwislamu aliye katika dhamana ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Mtume ametaja mambo ambayo jirani anaweza kuyaona kwa macho. Hakumpa jirani kazi ya kuchungulia kifuani mwa mwenzake.

Hapo ndipo penye ufahamu ambao wengi wanaukosa, na nadhani ami yako naye umempita. Watu hudhani kuwa kila jambo lililoandikwa katika kitabu cha akida ni sharti la Uislamu, kwamba anayekosea moja katika hayo amekwisha toka. Sivyo vitabu vile vilivyotungwa. Mwenye kutunga kitabu cha akida anaandika kila anachokiona ni sahihi, kikubwa na kidogo, na mara nyingi anaandika kumjibu fulani wa zama zake. Sifa ishirini za Mwenyezi Mungu unazozihofia, kwa mfano, mpangilio wake umekuja kwa Imamu Sanusi wa Tlemcen, Algeria, aliyefariki mwaka 1490. Ni mpangilio mzuri wa kusomeshea na mimi mwenyewe nausomesha. Lakini Abubakar na Bilali hawakuuhifadhi, na bibi zetu waliokufa huku wanalitaja jina la Mola wao bila ya kujua tofauti ya sifa za maani na maanawiya walikufa Waislamu. Kutozikumbuka zote si kasoro ya imani yako. Rudi kuzisoma ukipenda, kwa raha ya kujua, usizisome kwa hofu.

Wenzetu Wakristo njia yao ni nyingine, na kuilinganisha kunasaidia kuiona yetu. Ukipita Kanisa la Mkunazini wakati wa ibada utawasikia wakisoma kanuni ya imani kwa pamoja. Asili ya maneno yale ni mkutano wa maaskofu uliofanyika Nikea mwaka 325, yakapanuliwa Konstantinopoli mwaka 381. Kulikuwa na mkutano, kukawa na maneno yaliyopitishwa, na aliyeyakataa akahesabiwa kuwa yuko nje. Uislamu haukuwa na mkutano wa namna hiyo wala haukuwa na maaskofu wa kuupigia kura. Mipaka yetu ilijulikana kwa shahada yenyewe, kwa Qur'ani, kwa yale yaliyopokewa na umma mzima kizazi hadi kizazi, na kwa maulamaa kubishana mpaka ikadhihiri lipi ni la wote na lipi ni la kundi fulani. Ndiyo maana mtu mmoja mwenye kitabu kimoja mkononi anaweza kudhani kimesema yote.

Maulamaa wetu wameyapanga mambo kwa uzito. Chini kabisa, penye msingi, ni shahada mbili na kuzikubali kwa moyo. Juu yake ni yale yanayojulikana katika dini kwa dharura, yaani yale ambayo Mwislamu wa Micheweni na Mwislamu wa Jakarta wanayajua sawasawa bila ya kusoma kitabu kikubwa: kwamba sala tano ni faradhi, kwamba Qur'ani ni maneno ya Mwenyezi Mungu, kwamba zinaa na ulevi ni haramu, kwamba kuna kufufuliwa, kwamba hapana mtume baada ya Muhammad (S.A.W.). Anayelikanusha moja katika haya kwa makusudi, akijua na bila ya kulazimishwa, amejitoa mwenyewe. Kwa hivyo mpaka upo, usije ukaambiwa kuwa mimi nimesema kila kitu ni sawa. Mtu akidai leo kuwa ameteremshiwa utume mpya, madhehebu zote, Sunni, Ibadhi na Shia, hazimhesabu katika Waislamu. Lakini juu ya hayo kuna tabaka kubwa la masuala ambayo dalili zake zinabeba zaidi ya fahamu moja. Anayekosea huko ni mkosaji. Pengine ni mzushi. Kafiri siye. Mambo matatu ya ami yako yote yamo katika tabaka hili.

Mimi ni Shafi, na katika masuala hayo matatu nashika ya Imamu Ash'ari, sifichi. Naamini waumini watamwona Mola wao Akhera bila ya namna, kwa sababu Qur'ani inasema katika sura ya 75 kuwa nyuso siku hiyo zitanawiri, zikimtazama Mola wao, na kwa hadithi zilizopokewa kwa njia nyingi kuwa tutamwona kama tunavyouona mwezi usiku wa mbalamwezi. Sasa msikilize Ibadhi. Anasema: Mwenyezi Mungu amesema katika sura ya 6 kuwa macho hayamfikii naye anayafikia macho. Nabii Musa alipoomba kumwona aliambiwa hutaniona. Na kinachoonekana kwa jicho lazima kiwe upande fulani na mahali fulani, naye Mwenyezi Mungu ametakasika na pande na mahali. Kwa hivyo ile aya ya kutazama anaifasiri kuwa ni kungojea rehema za Mola wao. Mimi naona tafsiri hiyo ni dhaifu. Lakini tazama nini kimemfikisha hapo: ni kuogopa asije akamfananisha Mola wake na viumbe. Mtu anayekosea kwa kukimbilia utakaso wa Mwenyezi Mungu, akiwa ameshika aya mkononi, vipi umwambie amemkanusha Mwenyezi Mungu?

La Qur'ani kuumbwa hata wao wenyewe wamelizungumza kwa sauti zaidi ya moja. Katika maulamaa wa zamani wa Oman wako waliotosheka kusema ni maneno ya Mwenyezi Mungu na wahyi wake, na wengine wakasema imeumbwa. Hapana Ibadhi hata mmoja anayesema kuwa imetungwa na mwanadamu, na hilo ndilo lingekuwa ukafiri. Na la mwenye dhambi kubwa kukaa motoni milele, sisi tunatumai msamaha na shafaa kwa kila aliyekufa na tauhidi, wao wanashika aya za ahadi ya adhabu kwa dhahiri yake. Imani hiyo ni ngumu, naona inabana rehema. Lakini angalia matunda yake kwa watu wazima wa Kiibadhi uliowaona Pemba: jinsi wanavyoiogopa riba, jinsi wanavyoharakia kulipa deni.

Pengine ami yako amesikia kuwa wao ndio wanaotukufurisha sisi, akaona awarudishie. Hili nalo lina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoleta fitina. Mwaka 64 wa Hijria, kundi la Nafi bin al-Azraq lilisema kuwa Waislamu wasiokuwa wao ni washirikina, damu yao halali. Abdallah bin Ibadh, ambaye madhehebu imepewa jina lake, alikataa neno hilo akajitenga nao. Kwa Ibadhi, Mwislamu mwenye kudumu na dhambi kubwa huitwa kafiri wa neema, yaani mtu aliyekosa shukrani kwa Mola wake, na wala si kafiri wa shirki. Hukumu za Waislamu zinabaki juu yake: anaolewa na kuoa, anarithi na kurithiwa, anasaliwa na kuzikwa. Imamu wao wa mwanzo, Jabir bin Zayd, alikuwa mwanafunzi wa Ibn Abbas, na riwaya zake zimo ndani ya Bukhari na Muslim. Ami yako anapokuwa anaisoma sahihi ya Bukhari anapokea dini yake, kwa baadhi ya hadithi, kupitia mdomo wa mtu ambaye Maibadhi wanamwita imamu wao.

Nataka niwe mwadilifu kwa ami, kwa sababu hakuyatoa hewani. Imepokewa kuwa Imamu Shafi alimwambia Hafs al-Fard, aliyekuwa akisema Qur'ani imeumbwa, kuwa amemkufuru Mwenyezi Mungu Mtukufu. Mtu akiisoma riwaya hiyo peke yake ataondoka kama ami alivyoondoka. Lakini wakubwa wa madhehebu yetu hawakuisoma peke yake. Bayhaqi aliieleza kuwa makusudio ni kufuru isiyomtoa mtu katika mila, na Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye hapana Shafi wa pwani hii asiyemtegemea, aliipokea fahamu hiyo. Akaongeza jambo ambalo ndilo jibu la swali lako: kuwa waliotangulia na waliofuata hawakuacha kuona inasihi kusali nyuma ya Mu'tazila, kundi la zamani lililohitilafiana na Sunni katika akida, na mfano wao, kuoana nao, kurithiana nao, na kuwapitishia hukumu za Waislamu. Na Mu'tazila katika yale masuala matatu walikuwa wakisema karibu kama wanavyosema Ibadhi. Imamu Shafi mwenyewe alikubali ushahidi wa watu wa makundi mahakamani, isipokuwa Khattabiya, kwa sababu hao walihalalisha kuwashuhudilia wenzao uongo. Ushahidi wa kafiri juu ya Mwislamu asingeukubali. Naye Ash'ari, imamu wetu wa akida, alipokuwa anakata roho Baghdad alimwambia mwanafunzi wake ashuhudie kuwa yeye hamkufurishi yeyote katika watu wa kibla, kwa kuwa wote wanamwelekea Mwabudiwa mmoja.

Visiwa hivi vimeyaishi mambo haya kabla yetu, na si kila siku yalikuwa mazuri. Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui, ambaye ukoo wake asili yake ulikuwa Ibadhi naye akashika madhehebu ya Shafi, alijadiliana na Maibadhi kwa ukali mpaka Sultani Barghash akamfunga, akatoka baada ya Barghash kufariki mwaka 1888. Lakini chini ya masultani hao hao wa Kiibadhi, Mashafi walihukumiwa na kadhi wa Kishafi na Maibadhi na kadhi wa Kiibadhi, na Sheikh Ahmed bin Sumait, Shafi na bahari ya elimu, alikuwa kadhi Zanzibar naye akiheshimiwa na pande zote mpaka alipofariki mwaka 1925. Sheikh Ahmed bin Hamed al-Khalili, aliyeshika umufti wa Oman tangu 1975 na ambaye ameandika kuyatetea masuala haya matatu haya haya, ni mzaliwa wa hapa Zanzibar, mwaka 1942. Mwaka 2005 maulamaa waliokusanyika Amman, Jordan, kutoka nchi nyingi na madhehebu mbalimbali, waliitaja Ibadhi kwa jina pamoja na madhehebu nne za Kisunni, Jaafari, Zaydi na Dhahiri, kuwa anayeifuata ni Mwislamu na haijuzu kumkufurisha.

Na iko hoja iliyo karibu zaidi ya Amman. Muulize ami kwa adabu, au mama amuulize: Siku ya Idi kubwa, au kwenye khitma za jirani, ng'ombe aliyechinjwa na mzee wa Kiibadhi ami hajapata kula nyama yake? Wete nzima wamekaa sinia moja na watu hawa. Akisema hata Ahlul Kitabu tunakula wanachochinja, mwambie kweli, lakini Ibadhi si Myahudi wala Mkristo. Akiwa si Mwislamu, basi kwa kauli ya ami mwenyewe atakuwa ni mtu aliyeritadi, yaani aliyetoka katika Uislamu, na kichinjo cha aliyeritadi hakiliwi. Na jeneza la mzee huyo likipita, ami hakuwahi kusimama safuni kumsalia? Najua hoja hii inauma, kwa hivyo isiletwe mbele za watu. Iletwe na mama, jioni, wakiwa wawili.

Kuna jambo jengine la kuelewa kuhusu kukufurisha. Hata pale ambapo neno lenyewe ni la kufuru kweli, maulamaa wametenga baina ya neno na mtu aliyelisema. Huyo mtu huenda hajui, huenda amefasiri vibaya, huenda amelazimishwa, huenda ulimi umeteleza. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mtu wa umma zilizopita aliyewausia wanawe wamchome moto akifa na majivu yake wayapeperushe, akidhani kuwa hivyo Mwenyezi Mungu hataweza kumkusanya. Hiyo ni shaka katika uwezo wa Mungu, nini kizito kuliko hicho? Mwenyezi Mungu akamkusanya, akamuuliza kwa nini umefanya hivi, akasema kwa kukuogopa, akasamehewa. Na Usama bin Zayd alipomuua vitani mtu aliyetamka La ilaha illa llah, akajitetea kuwa alitamka kwa kuogopa silaha, Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama aliupasua moyo wake akaona. Akalirudia neno hilo mpaka Usama akatamani lau angekuwa amesilimu siku ile. Kumtoa mtu katika Uislamu kunavunja ndoa yake, kunakata mirathi yake, kunamnyima sala ya jeneza. Jambo lenye athari kama hizo huwekwa mikononi mwa kadhi baada ya kumwita mtu, kumsikiliza na kumwondolea utata. Halifanyiki barazani baada ya magharibi.

Sasa haki ya ami. Katika vitabu vyetu vya Shafi imeandikwa kuwa mwanamume wa bid'a, yaani uzushi katika dini, si kufu wa mwanamke wa Kisunni, yaani halingani naye kwa ndoa, na kwa kuwa Ibadhi wanatofautiana nasi katika akida, walii anaweza kuishika kauli hiyo. Hili ni tofauti kabisa na kusema ndoa ni zinaa. Kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, wakiisamehe wote wawili ndoa inasihi. Kwa hivyo ami akikwambia "mimi kama walii sioni kufu," amezungumza kwa lugha ya fikihi na anastahili kujibiwa kwa fikihi. Akikwambia "ni kafiri," amevuka. Naomba sana usitoroke kwenda kufungishwa ndoa na mtu yeyote bila ya walii, hata akiwa na kilemba kikubwa namna gani. Walii ni sharti kwetu na kwa Ibadhi pia ni sharti, na ndoa ya namna hiyo ndiyo itakayokuletea shaka ambayo sasa huna.

Kinachotakiwa kwanza ni mazungumzo. Mtafute mtu ambaye ami anamheshimu kwa elimu, imamu wa msikiti wake au mwalimu aliyemsomesha, azungumze naye. Watu wengi wakubwa husalimu amri kwa mwalimu wao wasipoweza kusalimu amri kwa mtoto wa kike. Ikishindikana, nenda Mahkama ya Kadhi, iwe Wete au hapa Unguja, pamoja na mama. Kadhi atamwita ami amsikilize sababu yake, na akiona anazuia bila ya sababu ya kisheria ana mamlaka ya kukufungisha. Akiona sababu ya kufu ina nguvu katika hali yenu atasema hivyo, na itabidi uwe tayari kusikia hilo pia. Mimi siwezi kukuhukumia kutoka hapa, kwa sababu sijamsikia ami wala sijamwona kijana. Ofisi ya Mufti nayo hupokea maswali ya watu na kusuluhisha mizozo ya namna hii, ukitaka kauli ya maandishi ya kumwonyesha ami kabla ya kufika mahakamani.

Nirudi kwako na maswali yako ya kaburi. Masahaba walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamwambia wanakuta katika nafsi zao mambo ambayo mmoja wao anaona ni makubwa mno hata kuyatamka. Akawauliza, kweli mmeyakuta hayo? Wakasema ndiyo. Akawaambia hiyo ndiyo imani ya wazi. Imo katika Muslim. Maana yake ni kuwa ile karaha unayoiona, ule mshituko wa "mbona nafikiri hivi," ndio dalili ya imani iliyo hai, kwa sababu asiyeamini haoni karaha yoyote. Na katika Bukhari na Muslim imo kuwa Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale nafsi zinayozungumza maadamu hawajayatamka au kuyatenda. Kujiuliza na kukanusha ni mambo mawili tofauti. Tena hata baadhi ya Mu'tazila waliosimama wazi wakaikanusha adhabu ya kaburi, maulamaa waliwaambia wamekosea, hawakuwatoa. Wewe hujakanusha kitu, umeogopa tu.

Maswali yakiwa ni ya kutaka kujua, tafuta mwalimu, mwanamke ukipendelea, ukae naye uyaulize moja moja. Maswali mazuri hupungua ukali yakijibiwa uso kwa uso, na kuyasoma peke yako kwenye simu usiku kunayazidisha. Lakini ukiona unakariri shahada mara kwa mara kwa kuhofia umekufuru, unarudia udhu na sala kwa sababu hiyo hiyo, huli vizuri na hulali, hapo jambo limeshatoka katika elimu. Huo ni wasiwasi wenye kuhitaji tiba. Mwone daktari wa afya ya akili hospitalini, na mwalimu wako ajue. Kutibiwa si upungufu wa dini.

Na kabla posa haijakubaliwa, kaeni wewe na kijana, mbele ya mahramu wako, muyazungumze yatakayowakuta nyumbani, kwa sababu hayo ndiyo yatakayowagombanisha kuliko suala la kumwona Mwenyezi Mungu. Utasali umefunga mikono, yeye ameiachia. Alfajiri utasoma kunuti, yeye haisomi, wala baada ya Fatiha hatasema amin. Akihamishiwa Dar es Salaam kikazi huenda ukamwona anapunguza sala miezi na miezi, maana kwao msafiri hupunguza maadamu hajapafanya pale kuwa makazi yake. Watoto watasomeshwa chuo gani, cha kwenu au cha kwao? Na Ramadhani muulize hasa la janaba: kwetu mtu akipambazukiwa hajakoga saumu yake inasihi, na kwao aliyezembea mpaka alfajiri ikaingia saumu ya siku hiyo imeharibika na ataidai. Kubalianeni mapema kuwa katika miezi hiyo mtakoga kabla ya daku, hapo itakuwa mmezifuata madhehebu zote mbili.